Mchungaji Hana Mtoto

Shangazi yangu wa Tukuyu hafugi kuku asiye na jina. Tetea wake mkubwa anaitwa Bupe. Jogoo, kwa kuwa huwika saa kumi alfajiri kana kwamba ana ibada ya kuongoza, anaitwa Mchungaji. Sikuwahi kuona ubaya wa majina hayo mpaka siku niliyopanda Coaster pale Kabwe kwenda kumsalimia, na viti vya mbele yangu vikajaa akina mama wa kwaya, sare za kitenge toka kichwani.

Simu ilinikuta tumeshapita Igawilo. Ukianza kuupanda mlima kuelekea Isyonje mtandao hukatakata, kwa hiyo ilinibidi nipaze sauti. Shangazi alikuwa na jambo la kitaalamu, na katika ukoo wetu mtaalamu ni mimi, maana nilisoma kilimo. Vifaranga vya Bupe vilishaonyesha vilemba, ile nyama nyekundu ya kichwani, na havikufanana na baba.

Wewe msomaji nikueleze, maana abiria wenzangu hawakueleziwa. Bupe na Mchungaji wote wana kilemba cha kawaida, kimesimama wima na kina meno. Jogoo wa jirani, wa aina ya Kuchi, mrefu mwenye maringo, ana kilemba cha njegere: kifupi, kimelala, mistari mitatu ya vinundu. Kuku wawili wenye kilemba cha meno hawazai kifaranga cha njegere hata waombewe. Mwaka 1902 William Bateson, mwanasayansi Mwingereza, alitumia vilemba hivihivi kuonyesha kwamba kanuni za urithi alizogundua mtawa Mendel kwenye mimea ya njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia. Baadaye yeye na mwanasayansi mwenzake Punnett wakaeleza ajabu nyingine: jogoo wa kilemba cha waridi, aina nyingine tena, akimpanda tetea wa njegere, watoto wanaweza kutoka na kilemba cha tatu, kilichokunjamana, ambacho baba hana wala mama hana. Ajabu hiyo niliwahi kumsimulia shangazi, naye sasa alitaka kuitumia kumtetea jogoo wake.

Abiria, kwa upande wao, walisikia hivi:

"Shikamoo shangazi! ... Watoto wa Bupe? Wana nini? ... Shangazi, hao si wa Mchungaji. Ni wa jirani! ... Hapana, mtoto kutofanana na baba wala mama kupo, ila si kwa hawa. Bupe katembea tu, hakuna siri hapo."

Kwaya ilinyamaza. Mama mmoja alisogeza kilemba chake sikio lipate hewa.

"Tena afadhali ya jirani, shangazi. Huyo Mchungaji amekuwa akipanda binti zake mwenyewe, damu imechoka! ... Unamwonea huruma ya nini? Anakula bure. Mkate shingo leo hii, mimi niko njiani nakuja."

Mtandao ukakatika. Konda alikuwa ananitazama kama chenji ya noti bandia.

Kwenye kizuizi cha polisi konda alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Akaja afande mpaka dirishani kwangu.

"Wewe ndiye unayetaka mchungaji akatwe shingo?"

"Ni jogoo, afande."

"Jogoo anakuwaje mchungaji?"

"Na binti zake mwenyewe, afande!" mama wa kwaya akadakia. "Tumesikia wote!"

Afande akataka nimpigie shangazi, spika iwe wazi. Simu ikapokelewa kwa kishindo: "Umechelewa mwanangu! Mchungaji nimeshamkata, yuko chunguni. Pilipili niweke au nisiweke?"

Mlio uliotoka viti vya mbele, kwaya nzima haijawahi kuufikia Jumapili.

"Mama," afande akasema taratibu, "huyo Mchungaji ana miguu mingapi?"

"Miwili, kama wewe. Nani anaongea?"

"Na ... manyoya anayo?"

"Nimeshamnyonyoa! Unadhani sisi tunakula kuku na manyoya?"

Hapo ndipo gari zima lilipocheka, isipokuwa yule mama, aliyetaka kujua kwa nini mtu mzima ampe kuku jina la mtumishi wa Mungu. Swali la haki kabisa. Nilimwahidi kulifikisha.

Afande ndiye aliyenichelewesha. Kumbe naye mfugaji, kwao Makete, na kule sakitu huunguza ncha za vilemba virefu vya majogoo. Kilemba cha njegere kimelala kichwani, baridi haikipati kirahisi. Akaniwekea oda ya jogoo mmoja wa Bupe dirishani palepale, huku dereva akipiga honi na konda akikwepa macho yangu.

Mchungaji mwenyewe alikuwa mgumu. Tulimchemsha mpaka usiku na bado meno yalilalamika. Kifaranga cha oda kimeshakua na kinapanda kuku wa mtaa mzima. Shangazi amekipa jina la Afande, nami nimemsihi asinipigie simu nikiwa garini.