Mita 200 ni mashamba ya watu wangapi?
Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai kwamba mahindi yaliyobadilishwa vinasaba (GMO) na yale ya kawaida yanaweza kulimwa jirani bila tatizo, mradi mashamba yatenganishwe kwa mita 200. Kwa wakulima wakubwa wa Marekani huenda hesabu hiyo inatosha, kwa kuwa chavua nyingi ya mahindi (unga wa maua yake) huanguka karibu na mmea wake. Lakini huku kwetu Ngaramtoni, Arusha, ambako shamba la mraba la ekari moja lina upande wa mita 64 hivi, umbali huo unavuka mashamba ya majirani watatu, na sijui ni yupi kati yao atakayeambiwa asipande. Msimu mmoja jirani yangu alipanda mahindi ya njano kwa ajili ya kuku wake, nami nilipomenya mahindi yangu meupe nikakuta punje za njano zimetapakaa, hasa katika mistari ya mpakani. Rangi angalau inaonekana, kinasaba hakionekani. Tena chavua ni nusu tu ya habari, kwani mashine ya kupukuchulia huzunguka boma kwa boma bila kusafishwa, na wengi wetu bado huchagua mbegu kutoka kwenye mavuno. Hata Umoja wa Ulaya haudai usafi kamili: mchanganyiko usiokusudiwa wa hadi asilimia 0.9 wa aina za GMO zilizoidhinishwa hauhitaji lebo. Je, wenzangu wa Tengeru na Usa River, mchanganyiko huo sokoni kwenu angeupima nani, na kwa gharama ya nani?