Jacksonborough 1782: bunge lililokaa kando ya kaburi la Hayne

Januari 1782, vita ya Marekani kujitoa kwenye utawala wa Uingereza ikiwa haijaisha, wabunge wa jimbo la South Carolina wanakusanyika kwenye kijiji kinaitwa Jacksonborough, kando ya mto Edisto, nyumba zenyewe za kuhesabu, maana mji wao mkuu Charleston bado uko mikononi mwa Waingereza na uko kama kilometa 55 tu kutoka hapo. Yaani adui yuko umbali ambao farasi mzuri anaumaliza ndani ya siku na chenji inabaki. Jeshi la Wamarekani la Jenerali Nathanael Greene limepiga kambi jirani kuwakinga, askari wenyewe wamevaa matambara, na wengi wa waheshimiwa waliokaa humo ndani ni maofisa waliotoka porini juzijuzi, hawajasahau kitu hata kimoja.

Jimbo lilikuwa limekaa karibu miaka miwili bila bunge. Mwanzoni mwa 1780 waliona hali inakuwa mbaya wakamkabidhi gavana John Rutledge madaraka yote, kasoro kumuua raia bila kesi, halafu Mei 12 Charleston ikaanguka na kila mtu akakimbilia kwake. Sasa vita inaelekea ukingoni, Rutledge anarudisha rungu kwa wenyewe, na swali la kwanza mezani ni lile lile linalokuja baada ya kila vita ya wenyewe kwa wenyewe: hawa majirani zetu waliokuwa upande wa pili tuwafanyeje?

Jibu lao lilitoka Februari 26. Walipitisha sheria ya kutaifisha mali, na haikuwa sheria ya jumla jumla, ilikuwa listi. Majina zaidi ya 200, yamepangwa kwa mafungu: hawa ni raia wa Uingereza wenye mali huku, hawa walisaini barua ya kumpongeza jenerali wa Uingereza Clinton alipoiteka Charleston, hawa walimpongeza Cornwallis, jenerali mwenzake, baada ya ushindi wake wa Camden, hawa walipokea vyeo vya mfalme, na kadhalika. Mashamba yanachukuliwa na jimbo, wenyewe wanafukuzwa. Kundi lingine lenye makosa mepesi likapigwa faini ya asilimia 12 ya mali yote.

Tuanze na wanaosema walifanya sawa, kwa sababu hoja zao si za kupuuza. Kwanza, Waingereza ndio walioanza. Tangu Septemba 1780 Cornwallis alishamteua mtu wa kusimamia mashamba yaliyokamatwa ya wazalendo, yaani waliopigania uhuru, viongozi wakabebwa na meli kupelekwa St. Augustine kule Florida, na 1781 familia zao zikaambiwa zifungashe zitoke Charleston. Pili hela hakuna. Pesa ya karatasi ya jimbo ilikuwa imeoza, kodi huwezi kukusanya kwenye nchi iliyochomwa moto nusu, na askari usipomlipa anarudi shambani kwake au anahamia kwa adui. Tatu, na hii watu huwa wanaisahau, amani ilikuwa inanukia na hofu ilikuwepo kwamba kila upande utabaki na kile unachokishika siku ya kusaini, kwa hiyo kukaa pale karibu na mdomo wa mamba na kutunga sheria ilikuwa ni kuuambia ulimwengu kwamba hii nchi ina mwenyewe. Pia kabla ya hapo, Septemba 1781, Rutledge alishatoa msamaha kwa wale watakaojisalimisha na kutumikia miezi sita kwenye mgambo, ingawa aliwatoa kundini waliosaini pongezi na waliopokea vyeo. Kwa hiyo mlango ulikuwepo, japo mwembamba.

Halafu kulikuwa na Isaac Hayne. Kanali Hayne alinyongwa na Waingereza Charleston tarehe 4 Agosti 1781 bila kesi ya maana, na alizikwa kwenye shamba lake, ambalo liko mwendo mfupi tu kutoka Jacksonborough. Kaburi bado bichi. Ukiwa mbunge umekaa pale, rafiki wa marehemu, unaletewa muswada wa kuwafilisi waliowapigia makofi Waingereza waliomnyonga, utanyoosha mkono upande gani? Mimi sijui kama ningekuwa na ubavu wa kukataa.

Lakini hapohapo ndipo hoja inapogeuka, maana Hayne naye alisaini. Charleston ilipoanguka, familia yake ilikuwa inaumwa ndui, akaenda mjini kutafuta msaada, akaambiwa asaini utii kwa mfalme ama asirudi nyumbani, akasaini ili arudi kwa mke na watoto. Baadaye Waingereza wakamtaka abebe bunduki upande wao, yeye akaona mkataba umevunjwa na wao wenyewe akarudi kwa wazalendo, wakamkamata, wakamwita msaliti wakamtundika. Sasa shujaa wa jimbo zima alikuwa ni mtu aliyeweka sahihi kwenye karatasi ya adui kwa sababu watoto wanaumwa, na bunge lililokaa karibu na kaburi lake linaandika listi ya watu ambao baadhi yao kosa lao kubwa ni kuweka sahihi kwenye karatasi ya adui. Tofauti ni kwamba Hayne alipata nafasi ya kugeuka na akafa kabla hajaulizwa. Ni kweli kupokea utii kwa shingo upande sio sawa na kumwandikia jenerali barua ya pongezi, na waliopokea vyeo ni kesi nyingine kabisa, hao siwalilii sana. Ila kwenye ile barua kulikuwa na wafanyabiashara wa mjini wa aina ya bendera fuata upepo, walitaka duka lifunguliwe basi, na kuna waliosaini kwa woga mtupu, utawatofautishaje wakati hakuna aliyeitwa kujieleza?

Na huo ndio ubaya wenyewe wa ile sheria kwa mtazamo wangu. Hakuna mahakama. Hakuna shahidi. Jina linatajwa ukumbini, mmoja anasema mtoe, mwingine ana kinyongo naye cha tangu enzi hizo anasema mwache, wanapiga kura, umefilisika na wewe uko Charleston hata hujui kinachoendelea. Waliopinga ni watu ambao huwezi kuwaita vibaraka. Christopher Gadsden alikuwa amefungwa wiki 42 peke yake kwenye ngome ya St. Augustine kwa kukataa kuwaamini Waingereza tena, mtu huyu angekuwa na haki ya kudai damu, na ndiye aliyesimama kupinga kutaifisha. Walimchagua awe gavana kwenye kikao hichohicho, akakataa kwa sababu ya uzee, wakampa John Mathews. Mwingine ni Aedanus Burke, jaji mzaliwa wa Ireland, na kwao Ireland ardhi za Wakatoliki zilishanyang'anywa kwa sheria zaidi ya karne moja nyuma, kwa hiyo nahisi alijua hiki kitu kinaacha kidonda cha muda gani.

Upande wa pili wana jibu moja zito hapa: usipotoa adhabu ya kisheria, wananchi watajitolea wenyewe. Na mfano upo, tena unamhusu Burke huyohuyo. Mwaka 1784 alikuwa anaendesha mahakama kwenye mji unaoitwa Ninety Six, akaletewa Matthew Love, aliyetuhumiwa kuua majeruhi waliokuwa wameshajisalimisha wakati wa vita. Burke akaona mkataba wa amani unamkinga akamwachia. Watu wakasubiri jaji aondoke, wakamchukua Love wakamnyonga. Lakini angalia tarehe. Listi ya Jacksonborough ilikuwa ina miaka miwili tayari na haikuwapoza hao watu hata kidogo, kwa sababu hasira zao zilikuwa za mauaji na sheria ilikuwa inashughulika na mashamba.

Mwaka huohuo wa 1784 bunge likaanza kurudi nyuma, watu zaidi ya mia wakatolewa kwenye listi, wengine wakabadilishiwa wakawekwa kwenye faini ya asilimia 12. Mkataba wa Paris wa 1783, uliomaliza vita na Uingereza, ulikuwa umeweka kipengele cha Congress, bunge la nchi nzima, kuyasihi majimbo yarudishe mali, kusihi tu, hakuna meno, kwa hiyo sidhani ndio uliowasukuma. Kilichowasukuma ni maombi ya wake, shemeji na wakwe, maana matajiri wa South Carolina walikuwa ukoo mmoja uliogawanyika. Mwenye ndugu bungeni alikuwa na wa kumsemea. Na ilipofika 1787 katiba ya Marekani ikayapiga marufuku majimbo kumhukumu mtu kwa sheria ya bunge bila kesi.

Sasa kuna kitu ambacho Gadsden na waliomshinda hawakubishania kabisa. Mali ya pale South Carolina ilikuwa mpunga, nili (mmea wa rangi ya bluu) na watu. Unapotaifisha shamba unataifisha na watumwa wake, na hawa ndio waligeuka hela ya jimbo. Kikao hichohicho kilipanga motisha ya kuvutia askari wapya: kila mwaka mmoja wa utumishi, Mweusi mmoja mzima wa afya, umri kati ya miaka 10 na 40. Miaka 10! Mtoto anang'olewa kwenye shamba la mtu wa mfalme anakwenda kuwa mshahara wa mpigania uhuru.

Na mbadala ulikuwa umewekwa mezani, kwa hiyo tusiambiwe ni mambo ya zama zile. John Laurens, mbunge na ofisa wa jeshi, alipendekeza watumwa wa mashamba yaliyotaifishwa wapewe bunduki na mwisho wa vita wapewe uhuru wao. Greene aliunga mkono, alishamwandikia gavana kuhusu jambo hilo Desemba 1781. Likapigwa chini vibaya, kura za kuunga mkono zilikuwa chache mno. Agosti 27, 1782 Laurens akauawa kwenye mapigano madogo kando ya mto Combahee, vita ikiwa kama imeshaisha. Greene naye wabunge walimpigia kura ya shukrani ya gini 10,000 (sarafu za dhahabu za Kiingereza), akapata shamba lililokuwa la Thomas Boone, gavana wa zamani wa mfalme. Greene alikuwa mtu wa Rhode Island, kalelewa kwenye familia ya Waquaker, dhehebu la Kikristo linalopinga vita. Shamba la mpunga halilimwi kwa jembe la mtu mmoja, kwa hiyo jenerali aliyeshauri Weusi wapewe bunduki na uhuru akaanza kutafuta mkopo wa kununua watumwa.