Angani Hugandi, Unaiva

Juzi nilizima filamu katikati na sina mpango wa kuimalizia. Mwanaanga kachomoka nje ya chombo, sekunde tatu baadaye ni barafu tupu, mpaka nyusi. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, kwani huko nje kuna friza?"

Jamani, chupa ya chai si mnayo? Chai inakaa moto kwa sababu hewa imenyonywa kati ya kuta zake mbili. Anga za juu ndiyo chupa hiyo, na wewe ndiye chai. Hakuna upepo wa kukupoza. Joto linatoka kwa mnururisho tu, yaani kama mionzi, tena kwa mwendo wa kobe. Na mwili hauna likizo: umekaa tu unatoa wati kama 100, ukifanya kazi ni mara kadhaa ya hizo.

Yaliyompata mwanaanga wa Marekani Gene Cernan yanatosha. Juni 1966, nje ya chombo chake, Gemini 9A, vazi lake lilipozwa kwa oksijeni peke yake. Kung'ang'ana na vifaa kidogo, jasho likamzidi, kioo cha kofia kikajaa ukungu, mtu mzima akawa anakifuta kwa ncha ya pua apate kitundu cha kuchungulia. Kwa ncha ya pua! Wenzake waliokwenda Mwezini na vyombo vya Apollo wao walivishwa nguo ya ndani yenye mirija ya maji baridi, na mpaka leo mwanaanga akitoka nje anavaa mirija ya mita 90 hivi. Dawa nayo ina makali yake: mwaka 2013 maji ya mfumo huohuo yalivujia kwenye kofia ya mwanaanga Mwitaliano, Luca Parmitano, nusura azame akiwa angani.

Haya, nakubali, maiti ikiachwa kivulini muda mrefu itaganda. Na bila vazi utazimia kwa kukosa oksijeni ndani ya sekunde 15 hivi. Lakini hiyo si baridi, bwana mwongozaji.

Hata ndani ya kituo cha anga hakuna nafuu. Hewa ya moto haipandi, jasho halichuruziki, linang'ang'ania ngozi kama mafuta.

Mpwa alinisikiliza kwa subira, nampa sifa zake. Kisha akauliza, "Sasa jasho likimwingia jichoni, na kofia kavaa, anafutaje?"

Hafuti. Anapepesa macho, anaendelea kukaza nati.