Sokwe wa Rubondo: Tuhesabu Viota au Tuokote Kinyesi?

Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, na wenzake walileta sokwe 17 kutoka Ulaya, wengine wa bustani za wanyama, wengine wa sarakasi, wakawaachia Rubondo, kisiwa cha Ziwa Victoria. Idadi ilijulikana bila ubishi. Kisha wakaingia msituni, wakazaana, na tangu hapo atokaye kisiwani akifika Mwanza na kuulizwa "wako wangapi?" hujibu kwa kukadiria tu.

Sokwe wasiozoea watu hukimbia kabla hujawaona, ndiyo maana watafiti huhesabu viota. Kila sokwe aliyeacha kunyonya hujitengenezea kiota kipya karibu kila jioni. Mtoto hulala na mama yake. Unapita msituni kwa mistari iliyonyooka, unaandika kila kiota na umbali wake kutoka kwenye mstari, kisha unakadiria viota vya eneo zima.

Ugumu uko kwenye umri wa kiota. Tuseme makadirio yametoa viota 3,000. Kama kiota hudumu siku 100 kabla ya kusambaratika, hao ni sokwe 30, maana kila mmoja ana viota 100 vilivyosimama. Kama hudumu siku 60, ni 50. Msitu ni uleule, viota ni vilevile, lakini sokwe 20 wamezaliwa kwenye karatasi! Na mvua za ziwani huenda haziozeshi viota kwa kasi ileile ya misitu mingine, wala miti yote haishiki kiota sawasawa. Kuazima kipimo cha Gombe au cha Uganda ni kosa kubwa.

Wanaotaka tuokote kinyesi na kupima vinasaba (DNA) badala ya kuhesabu viota wana hoja nzito. Kinyesi kibichi kinamtambulisha sokwe mmoja mmoja, dume au jike, na ukikutana na walewale mara nyingi unajua umekaribia kuwahesabu wote. Zaidi ya hapo, kinaonyesha nani ni ndugu wa nani, jambo ambalo kiota hakitalisema kamwe. Kwa kizazi cha wazee 17 hilo si dogo. Lakini undugu huohuo unawafanya wafanane, hivyo maabara lazima ipime alama nyingi zaidi za vinasaba ili isimchanganye huyu na yule. Gharama inapanda, na joto na mvua huharibu sampuli haraka.

Mimi nachagua viota viwe kazi ya kila mwaka na vinasaba vya mara mojamoja. Askari wa hifadhi wanaweza kupita mistari ileile wenyewe, na mfululizo huo utaonyesha kama sokwe wanaongezeka au wanapungua, hata kama jumla yenyewe ina kosa. Ila kwanza viota vipya viwekewe alama palepale Rubondo, vifuatiliwe masika na kiangazi mpaka vianguke. Na idadi ikitangazwa, itajwe pamoja na siku za kiota zilizotumika, na kiwango cha chini na cha juu, ili mtu wa Mwanza au Nkome aweze kuihoji.