Breki Umebadilisha Mwenyewe, Mbona Gea Zimegoma?

Wikendi pitia mtaa wowote wa Nairobi, Donholm, Kahawa au Lang'ata, na hutakosa gari lililoinuliwa kwa jeki, mwenyewe amechuchumaa kando ya tairi huku video ikicheza kwenye simu aliyoiegemeza pale bampa. Gharama ndiyo iliyomfikisha hapo, pamoja na kutowaamini mafundi. Nani hajasikia habari ya gari lililopelekwa gereji kwa kelele ndogo tu, likarudi na spea nzima imeng'olewa na kuukuu kuwekwa mahali pake? Ukienda Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, utasikia upande wa pili, wa mafundi: wenye magari wanafungua vitu wasivyovijua, kisha wanayaleta yakiwa mabovu kuliko mwanzo na kutaka bei ya chini.

Malalamiko ya pande zote mbili yana msingi, ila naona wanabishania nani ashike spana, ilhali kubwa ni hili: kazi ikiisha, utajuaje kwamba imefanyika sawasawa? Hapo ndipo breki na giaboksi zinapoachana.

Breki ina uwazi. Ukitoa tairi, pedi unaiona, disiki unaiona, na ukikosea gari lenyewe litakuambia. Pedali ikiwa laini na kuzama, karibu kila mara kuna hewa ndani ya mafuta ya breki. Gari likivuta upande mmoja, angalia kalipa, ile inayobana pedi kwenye disiki, iliyokwama au pedi iliyoguswa na grisi. Pedali ikitetemeka baada ya kuweka disiki mpya, huenda habu, pale disiki inapokalia, haikusuguliwa kutu na disiki imekaa upande. Kuna kosa moja linalowatesa hata wajuzi: umefungua kalipa zote mbili za mbele, ukazirudisha ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia bila shida. Ila skrubu ya kutolea hewa sasa iko chini badala ya juu, na hewa daima hukimbilia juu. Utatoa hewa mchana kutwa, umalize chupa ya mafuta, na pedali ibaki vilevile.

Lakini uwazi huo una bei. Ukibadilisha pedi unasukuma pistoni za kalipa zirudi ndani, kwa hiyo mikanyago ya kwanza haishiki chochote. Pedali lazima ipigwe hadi ikaze kabla gari halijasogea hata kidogo, na anayesahau hugundua akiwa anarudi nyuma kuelekea geti la jirani. Mafuta nayo hunyonya unyevu hewani. DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila ikishanyonya maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Katikati ya msongamano wa Jogoo Road huenda usihisi tofauti. Utaihisi ukishuka bonde kuelekea Mai Mahiu na familia ndani, mguu ukiwa kwenye breki muda wote. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kuachwa stoo usiirudishe kwenye gari.

Giaboksi ya otomatiki ni kinyume. Kosa lake ni nadra kuua, lakini limejificha na linakula pesa. Ukimwaga mafuta kupitia nati ya chini, sehemu kubwa hubaki ndani ya toki konveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi, kwa hiyo anayejaza kwa kukisia anaweza kuyazidisha hadi yatoe povu na gea zianze kuteleza. Magari mengi yenye kijiti cha kupimia hupimwa injini ikinguruma na mafuta yakiwa moto, si baridi kama oili ya injini. Zile za CVT, zinazotumia mkanda na puli badala ya gea za kawaida na ambazo zimejaa mjini katika magari madogo ya Japani, zina mafuta yake maalumu. Ukitia ya otomatiki ya kawaida gari linaweza kutembea vizuri tu kwa muda, huku mkanda na puli za ndani zikikwanguana. Kuna na kile kisa maarufu cha Subaru: mtu anadhani anamwaga oili ya injini, kumbe amefungua nati ya giaboksi, kisha anaongeza oili mpya juu ya ile iliyokuwa tayari kwenye injini. Kwa mkosi mmoja ana injini iliyojaa kupita kiasi na gari lisilotaka kusogea.

Hadi hapo ungesema breki ni za mwenye gari na giaboksi ni ya fundi. Nusura nikubali, isipokuwa mifumo hii miwili inagusana, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Umegusa swichi ya taa iliyo juu ya pedali ya breki, au fyuzi yake imeungua: magari mengi ya otomatiki yatakataa kutoka P, yaani mahali pa kuegesha. Umevuta waya wa sensa ya mwendo wa tairi ukibadilisha pedi: taa ya ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge, inawaka na, kwa baadhi ya magari, gea zinaanza kubadilika ovyo. Kwenye manyuoli, kuna magari ambayo klachi hunywa mafuta kutoka kikopo kilekile cha breki. Ukiacha kikauke wakati wa kutoa hewa, gea zitagoma kuingia. Na hendibreki iliyokazwa mno hufanya gari liwe zito, injini ipandishe sauti bila mwendo, ukaapa kwamba giaboksi inateleza. Endesha kidogo, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ile yenye joto kuliko nyingine ndiyo ya kufungua.

Kwa maoni yangu, pedi badilisha mwenyewe, kwa jeki iliyosaidiwa na stendi. Ukifungua mrija wowote wa mafuta ya breki, mwite mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo akukague kabla hujaingia barabarani. Giaboksi iache, labda mafuta tu, na kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi naye asikwepe lawama: anayependekeza giaboksi ya mtumba kutoka Japani kabla hajachomeka mashine na kusoma kompyuta ya gari anacheza kamari kwa pesa zako.

Ila wateja wengi huficha walichokigusa, kwa aibu au kwa kuogopa kuongezewa bei, na fundi huanza kutafuta gizani huku saa zake zikihesabiwa kwenye bili. Mwambie waziwazi kuwa shida ilianza baada ya wewe kubadilisha pedi za nyuma, naye ataanza na waya wa sensa na swichi ya pedali kabla hajafikiria kushusha giaboksi.