Laptopu ya mtoto wa chuo: ukope sasa au usubiri hela ya korosho?

Kila vyuo vikikaribia kufunguliwa, huku kusini mjadala ni ule ule. Mtoto kapata chuo, anataka laptopu, na nyumbani hela hamna maana korosho bado ziko mtini. Kuna wanaosema chukua kwa mkopo mtoto asihangaike huko aendako, na kuna wanaosema subiri mnada wa korosho ununue keshi ulale usingizi wako. Kila upande una hoja, ila naona wote wanaruka swali ambalo kwangu ndio kubwa: hela yako inaingia lini? Sijasema kiasi gani, nimesema lini.

Maana ushauri mwingi wa mikopo tunaousikia unamhusu mtu wa mshahara. Mwalimu wa Masasi au nesi wa pale hospitali ya Ligula akichukua laptopu ya kulipa kila mwezi, tarehe ya mshahara anaijua, anakatwa, maisha yanaendelea. Sasa chukua mkulima wa Tandahimba au Newala, hela yake kubwa ni ya msimu, minada inaanza Oktoba hivi, na hata korosho zikishauzwa hela haishuki siku hiyo hiyo, inapita chama kikuu, inapita AMCOS, yaani chama cha msingi cha wakulima, ndio iingie kwenye akaunti. Mtu huyu ukimfunga mkataba wa marejesho ya kila mwezi, Machi atajitahidi, Aprili atakopa sehemu nyingine ili alipe laptopu, Mei atakopa tena kulipa ule mkopo wa Aprili, na hapo ndipo wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, wanapompatia.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme laptopu ya mtumba dukani ni 750,000 keshi. Muuzaji anakwambia kwa mkopo unaweka kianzio 200,000 halafu 80,000 kila mwezi kwa miezi 10. Masikioni 80,000 inasikika ndogo, lakini jumla umelipa 1,000,000. Umeongeza 250,000, na hiyo 250,000 si juu ya 750,000, ni juu ya ile 550,000 uliyokopeshwa kweli, yaani zaidi ya asilimia 45, tena deni lenyewe linapungua kila mwezi kwa hiyo hujakaa na hela yote ya watu kwa miezi 10. Hii ndio sababu muuzaji anapenda kutaja rejesho la mwezi na hataki kutaja jumla. Mwambie akuandikie jumla kwenye karatasi, akikataa ondoka hapo.

Hii haina maana kwamba kila mkopo ni mbaya. Kikoba kwa mfano, ukikopa 600,000 kwa riba ya asilimia 10 unarudisha 660,000, na ile 60,000 inabaki kwenye mfuko wenu, mwisho wa mwaka mkigawana sehemu yake inakurudia. Tena kikoba wanakujua, mkikaa mnaweza kuelewana urudishe lini. Shida ni kwamba wengi wanakopeshwa kulingana na hisa, mara nyingi mara tatu ya ulichoweka, kwa hiyo aliyeanza kuweka juzi hawezi kupata ya laptopu.

Na wale wa subiri mnada nao wasijisahau. Msimu wa 2018 wengi tunaukumbuka, wakulima wakaigomea bei ya mnada, serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, halafu uhakiki wa wakulima ukachukua muda na kuna wakulima walisubiri malipo mpaka wakachoka. Aliyekuwa amemwahidi mtoto "mnada ukiisha nakununulia" alibaki hana jibu. Alafu hela ya msimu ikiingia ina wenyewe wengi, bati, ada za wadogo, harusi, pikipiki, laptopu inasogezwa mpaka hela imeisha.

Pamoja na hayo mwaka wa kwanza anaweza kusubiri, hapa nasimama kabisa. Vyuo vingi vinafunguliwa Oktoba mpaka Novemba, ndio wakati huo huo minada inaanza, kwa hiyo tunazungumzia kumvumilisha wiki kadhaa, notisi anasoma kwenye simu, kazi za vikundi wanachapa pamoja au steshenari. Kulipa 250,000 zaidi kwa ajili ya wiki hizo ni kumwonea mzazi. Anayesoma mambo ya kompyuta, au yuko mwaka wa mwisho anaandika tafiti, huyo ni tofauti, kila wiki bila mashine inamgharimu, na kwake mkopo wa kikoba ni halali kabisa.

Kitu kingine ambacho watu hawakiunganishi na malipo ni umri wa mashine. Microsoft waliacha kuisapoti Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi za mtumba, tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kuanzia jenereshen (kizazi) ya 8. Mitumba ya jenereshen ya 6 na ya 7, ambayo haifiki huko, bado imejaa madukani na ndio inayosukumwa sana kwa mkopo. Kwa keshi, bei ikiwa ya chini kweli, unaweza kuichukua ukijua unachonunua. Lakini kuilipia kwa miezi 10 na betri ya mtumba ikaanza kufa mwezi wa nne huku deni linadai, hapana.

Wapo pia wanaotuma hela Kariakoo kwa simu kisha laptopu ipandishwe basi. Bei inaweza kuwa nzuri, ila ikifika mbovu ni zaidi ya kilomita 500 kuirudisha. Kama una ndugu Dar, aende dukani aiwashe, akague, alipe yeye pale pale na achukue risiti.

Ninachokililia ni SACCOS zetu za huku, vyama vyetu vya akiba na mikopo. Hivi inashindikana nini kutoa mkopo mdogo wa vifaa vya masomo, marejesho yawe mara mbili tu, moja malipo ya mnada wa kwanza yakiingia na nyingine mwisho wa msimu? Lindi wenye ufuta wangelipa baada ya minada ya Juni na Julai. Wanachama wanajulikana, kilo walizopeleka ghalani mwaka jana zimeandikwa. Hili lipelekwe kwenye mkutano mkuu kabla msimu haujafunguliwa, na wazazi wenye watoto kidato cha sita wawe wa kwanza kunyoosha mkono.