Laki na themanini iliyochelewa siku mbili

Jumamosi nimemkuta binti wa jirani yangu soko la Mwanga, hapa Kigoma, amekaa nyuma ya madumu ya mawese, anawapimia wateja. Akaniamkia, "Shikamoo mamdogo," kisha akatazama pembeni. Wiki hiyohiyo wenzake wa darasa moja walikuwa wanatuma picha za mahafali, na majoho na mashada. Nimerudi nyumbani chakula hakipiti, ndiyo maana naandika.

Mnakumbuka mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Nchi nne zenye ziwa hili zilikubaliana lipumzike, samaki wazaliane, na nakubali kwa shingo upande kwamba lilihitaji kupumzika. Lakini sisi wa Kibirizi tunajua miezi ile mitatu tuliipitaje. Usiku ziwa lilikuwa giza tupu, zile taa za wavuvi wa dagaa tulizozoea kuziona hakuna. Vichanja vya kuanikia vikakaa vitupu, kuku wanapanda juu yake. Baba wa huyu binti ni mvuvi, mama yake ananunua dagaa mwaloni na kuanika. Nyumba nzima inakula kutoka majini.

Binti alikuwa Tabora, kwenye chuo kimoja cha umma, mwaka wa pili wa stashahada ya uhasibu. Ada ilishalipwa karibu yote, imebaki shilingi 180,000. Mitihani ya muhula ikaanza Alhamisi moja ya Julai. Aliingia ukumbini, akapanga kalamu mbili na kikokotoo mezani. Msimamizi akapita na orodha ya wanaodaiwa, akasoma namba yake ya usajili, akamwambia atoke. Aliponisimulia, machozi yalimtoka alipofika kwenye kile kikokotoo: alikisahau pale mezani, na akaona aibu kurudi kukichukua mbele ya wenzake.

Tukachangishana. Mjomba wake wa Kasulu akatoa, mimi nikatoa, mama yake akauza vitenge alivyokuwa amevitunza. Jumamosi pesa ikatimia, ikalipwa. Karatasi tatu zilikuwa zimeshapita. Akaambiwa aahirishe mwaka. Mwaka uliofuata baba bado alikuwa analipa madeni ya miezi ile, mengine ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, na binti hakurudi.

Hebu fikirieni. Wazazi wamelipa ada ya miaka miwili, kodi ya gheto, nauli za treni. Serikali imewalipa walimu wake tangu darasa la kwanza. Yote hayo yamesimamishwa mlangoni na pesa ambayo ilipatikana siku mbili baadaye!

Ukilisema hili, watu wanakimbilia Bodi ya Mikopo. Ni kweli, tangu mwaka wa masomo 2023/2024 wapo wa stashahada wanaokopeshwa, wa fani za kipaumbele kama afya na ualimu wa sayansi. Uhasibu haumo. Na hata ungekuwemo, maombi ni mara moja kwa mwaka, unaeleza hali ya kwenu ilivyo wakati ule. Baba akifariki Machi, nyumba ikiungua Aprili, ziwa likifungwa Mei, unamwendea nani?

Ninachodai ni mfuko wa dharura katika kila chuo cha umma. Uwe mdogo tu, ukae kwa mshauri wa wanafunzi, usiwe mkopo, na mwanafunzi apate jibu ndani ya siku mbili. Hapo kwenye siku mbili ndipo penye hoja yangu yote. Leo mwanafunzi anaandika barua, mlezi anaipeleka kwa mkuu wa idara, inaenda uhasibu, inasubiri kikao, na kikao kinakaa mitihani imekwisha. Jioni ileile mkopeshaji wa mtaani anapokea laptopu yake kama dhamana na kumhesabia pesa papo hapo. Inakuwaje anayetaka kumnyonya mtoto awe na haraka kuliko chuo kilichompokea? Na kwa mabinti wapo wakopeshaji wengine, ambao laptopu hawaitaki. Wazazi wenzangu mnanielewa, na mnajua hili si la kusimuliwa.

Watakuwepo wa kudanganya, sikatai. Barua ya mtendaji na simu moja kwa mwenyekiti wa mtaa itawapunguza. Fedha zitoke kwenye mapato ya ndani ya chuo, halmashauri zetu na wahitimu wenye kazi. Watu hawa hawa wanachangia harusi kila mwezi.

Na kama mfuko utachelewa kuanzishwa, kuna jambo halihitaji hata senti: mwacheni mtoto afanye mtihani, mzuie matokeo mpaka amalize deni. Angekuwa amefanya zile karatasi tatu, Jumamosi angelipa, matokeo yake yangetoka. Chuo kisingepoteza hata shilingi. Nawaomba wakuu wa vyuo mlifikirie hili kabla ya mitihani ijayo, maana orodha za wanaodaiwa zitabandikwa tena.

Pale sokoni nilinunua lita mbili. Alikuwa anamimina taratibu asimwage, macho yako kwenye chupa, akaniuliza, "Mamdogo, ile laki na themanini niliyolipa ile Jumamosi, nikija kurudi watanihesabia?"